Maelezo Mengine (Kama Yapo)

Nilifika Igombelo na fomu arobaini,
kalamu ya jimbo yenye msalaba ubavuni,
na pikipiki iliyokohoa tangu Sikonge
kama mzee wa kanisa anayeomba nafasi aseme.

Swali la kwanza: ukuta wa nyumba ni wa nini?
La pili: milo mingapi kwa siku?
La tatu: redio, baiskeli, kitanda?
Maswali kumi na manne, yametungwa na mtu
asiyewahi kupalilia kwa jembe la kuazima.
Chini kabisa, mstari mmoja mwembamba kama ufa wa kisigino:
maelezo mengine (kama yapo).

Wanawake walikuwa wakifunga tumbaku kwenye fito,
mikono myeusi kwa utomvu.
Kalunde Lusinge hakuinuka. Alinisogezea rundo la majani:
"Keti, mwinjilisti. Sisi tunaongea mikono ikiwa kazini.
Aliyesimama na kalamu
humjibu anachotaka kusikia."

Nikaketi. Jani la kwanza likachanika,
la pili pia. Wakacheka hadi machozi.

"Haya, andika," akasema Nyanzobe.
"Mwenye heri ni yule anayelala usiku wa kukausha,
asiamke mara nne kuutazama moto wa bani,
moto wa tumbaku ambayo si yake, ni ya deni la mbolea."

"Andika: kuzika bila kukopa sanda."

"Mgeni akija, umwambie ngoja maharage yaive,
usimtume mtoto mlango wa nyuma na bakuli."

"Mizinga sita kule kwenye miyombo,
na asali iachwe ikomae kwa majira yake,
isirinwe mbichi kwa kuwa mwalimu
amemrudisha mtoto nyumbani."

Mwashi, binti wa kama miaka kumi na tisa,
alisema akitazama fito yake:
"Mlango unaofungwa kwa ndani."

Hapo mikono yote ikasimama.
Nikaitafuta fomu. Ukuta, ndiyo. Paa, ndiyo.
Kisanduku cha mlango hakikuwepo.

Wakanionyesha pampu yetu, ya buluu,
jina la wafadhili lingali linasomeka, mpini umeng'oka.
"Pale chini ni chumvi. Tulikuwa tunajua.
Mlikuja na mafundi, hamkuja na swali.
Tukashukuru, wabeja, wabeja, tukapigwa picha,
kesho yake tukashika tena njia ya bondeni."

Nami nikamkumbuka kipofu yule kando ya barabara:
macho yake yalionekana kwa kila mtu,
bado aliulizwa kwanza anataka nini.

"Na wewe?" Kalunde akasema. "Wewe heri yako ni ipi?"

Nilitaka kusema Kristo.
Ni kweli, lakini nililisikia jibu langu
linakimbilia kanisani kujificha.
Miezi mitatu mshahara haujafika,
na kila Jumapili mama anapopiga
naiacha simu iite juu ya meza.
Nikasema: "Kumpokelea mama bila kumdanganya."
"Andika na hilo," wakasema,
wakarudi kwenye majani yao.

Usiku niliandika nyuma ya fomu, kwa taa ya Nyanzobe,
upande ambao jimbo halikuupangia kitu.
Katibu atauliza majedwali yako wapi.
Sijui nitamjibu nini.

Asubuhi nikauliza, kwa aibu ya mtu anayejifunza kuuliza:
tuanzie wapi?
Walikuwa wameshapanga kabla sijanawa uso.
Kwa Mwashi.
Mbao za mninga zipo kwa mjomba wake.
Fundi yupo, Kapela, anadaiwa na kikundi, atalipa kwa kazi.
Kisima kitafuata, wao watasema pa kuchimba.
"Wewe," Kalunde akasema, "lete komeo."

Leo niko njiani tena, vumbi hadi kwenye nyusi.
Mkobani mna Agano, soksi, michembe ya kutafuna,
na makomeo mawili ya chuma niliyonunua sokoni Tabora.
Kila kwenye shimo yanagongana.
Mawili, kwa sababu nilipokuwa naondoka
mwanamke mwingine, ambaye hakusema neno siku ile,
alinifuata hadi kwenye pikipiki.